Kibambazi cha Mutale

Asubuhi ya Jumatatu, mwaka 1936, Rigobert Kalaba alikuwa amebandika karatasi juu ya meza ya kuchorea, katika ofisi ya Bwana Constantin mjini Élisabethville, katika Kongo ya Wabelgiji, akipima unene wa ukuta wa chumba cha kulala. Nyumba hiyo ingekuwa ya Bwana Constantin mwenyewe. Rigobert alikuwa amejifunza kwa Mapadri kuchonga mbao, kupanga matofali, na mwishowe kuchora. Alichora nyumba tangu msingi hadi paa, lakini cheo cha architecte, yaani msanifu majengo, kilikuwa cha Wazungu kama Bwana Constantin. Yeye aliitwa mchoraji.

Matofali ya nyumba hiyo yalitoka Naviundu, nje ya mji. Huko vibarua walibomoa kichuguu kikubwa cha mchwa, kwa kuwa udongo wake hushikamana vizuri motoni. Ndani ya kichuguu hicho Rigobert na mke wake, Virginie Mwaba, walikuwa wamemzika binti yao mchanga, Mutale. Alikufa kabla ya kubatizwa, na Padri hakuruhusu alale katika makaburi ya Wakristo.

Bwana Constantin na mke wake, Madame, walipohamia, ukuta wa chumba cha mashariki ulianza kulia kila jioni kama mtoto mchanga. Madame alidhani ni meno yanaota. Aliupaka mafuta ya karafuu, ukaendelea kulia. Ndipo mpishi wake, Zéphirin, alipokwenda kwa Mwaba, katika kambi ya wafanyakazi Waafrika.

"Mama Mutale, mutoto yako eko analia kwetu," akasema. "Kuya umubembeleze. Sisi bote hatulale."

Mwaba alikwenda. Aliweka shavu juu ya chokaa, akaimba kwa Kibemba, na ukuta ukalala. Tangu siku hiyo alipewa kibali cha kuingia mjini jioni na kutoka kabla ya saa tatu, saa ambayo Mwafrika hakuruhusiwa tena kuonekana huko.

"Baba Mutale," alimwambia mume wake, "lomba musungu wako atuachilie mutoto. Tutamuzika tena."

"Kile kibambazi," Rigobert alisema, akimaanisha ukuta ule, "kinabeba paa."

"Ni nani alikichora kibebe paa?"

Kesho yake Rigobert alipeleka ofisini mchoro wa boriti ya chuma ambayo ingeshika paa mahali pa ukuta. Bwana Constantin aliutazama kwa muda mrefu, akasema ni kazi safi, na kwamba ukuta ni wa nyumba yake.

Mtoto hukua, na ukuta ulikua. Kila mwaka ulipanda kwa kiasi ambacho msichana wa umri huo angepanda, dari ikapasuka, na Rigobert akaitwa kuchora paa upya. Paa lile lililoinama upande mmoja lilipendwa sana. Wenye nyumba wengine walitaka la namna hiyo, na Bwana Constantin akapata medali. Rigobert alipewa baiskeli.

Madame hakuwa na mtoto. Aliuosha ukuta kwa maji ya uvuguvugu, akausomea vitabu, akaufundisha Kifaransa na sala.

"Mama, binti yako anakula sabuni kupita batoto bangu bote," Zéphirin alimtania Mwaba jikoni. "Na mimi, ananiitaka boy."

Mwaba alicheka kidogo, kisha akaacha.

Kisha mwaka mmoja Madame alimwita Padri yule yule, naye akaubatiza ukuta bila ubishi. Rigobert ndiye aliyeleta habari nyumbani.

"Bamekwisha kumubatiza," alisema. "Ile ni muzuri."

"Jina gani?"

"Brigitte."

Mwaba aliendelea kuchekecha unga.

Jioni aliingia chumbani kama kawaida, akaweka shavu juu ya chokaa, akaita, "Mutale." Akaita tena. Ndipo ukuta ukauliza kwa Kifaransa, kwa sauti safi ya msichana, huyu mwanamke ni nani. Madame, aliyekuwa akifuma kitini, akajibu kwa upole kwamba ni yule anayekuja jioni.

"Bonsoir," ukuta ukamsalimu.

Mwaba akaitikia. Alibaki palepale hadi dakika ya mwisho ya kibali chake, akiimba polepole, na ukuta ukamsikiliza kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri mbele ya mgeni.