Mashapo ya Togwa Yangu

Mtasema najisifu. Najisifu, tena sana! Nani mwingine hapa Rudewa ambaye togwa yake imefika kwenye maonyesho ya sayansi Kilosa mjini?

Mwanangu Yusrah aliuacha uji huo wa kimea uchachuke kwenye ndoo, akamwaga maji ya juu, akabaki na mashapo meupe ya chini. Eti humo mna bakteria tele, na ukiwatia kwenye maji ya mrututu, ile dawa ya buluu ya wakulima wa nyanya, wanaikamata shaba iliyoyeyuka na buluu inafifia. Mshindi angekwenda Morogoro. Binti yangu aliitaka safari hiyo kuliko chakula.

Basi siku moja kabla ya maonyesho, mimi niko shamba na yeye yuko shule, wifi yangu Mwanasha, aliyekuja kututembelea, akaiona ndoo. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu hangoji kupewa. Kwetu mashapo ya togwa hayatupwi, ni chakula cha kuku. Akayachemsha kuondoa harufu, akayaanika juu ya bati.

"Shangazi, umewaua!" Yusrah aliporudi alilia kama aliyefiwa.

"Wifi, hiyo mikono yako haiwezi kutulia?" nilifoka.

Nikaukusanya ule unga mkavu, nikampa mwanangu. "Jaribu."

"Maiti hawafanyi kazi, mama."

"Nimesema jaribu!"

Akautia kwenye bilauri ya maji ya mrututu, akakoroga huku amenuna. Tukaenda kuswali magharibi. Tuliporudi akayachuja kwa kitambaa, akainua bilauri kwenye taa. Buluu ilikuwa imebaki kwa mbali sana.

"Mama! Kumbe ni ngozi zao zinazoshika shaba! Hata wakifa zinashika!"

Kesho yake ukumbini, mwalimu msimamizi alimuuliza kama bakteria wake wako hai.

"Hapana, mwalimu. Shangazi yangu aliwachemsha. Wanashika vilevile, na hawahitaji kulishwa."

Waamuzi wakamchagua yeye. Machozi yalinitoka mbele za watu na sikuyafuta. Mara Mwanasha huyo, kasimama katikati ya ukumbi, mkono juu: "Ni mimi! Mimi ndiye niliyewaua!"

Nikamvuta gauni akae. Hakukaa. Basi nami nikasimama, nikapaza sauti: "Na togwa ni yangu!"