Pikipiki ya Anaeli na Kiapo cha Mfereji

Anaeli alipiga kiki mpaka kiatu cha kanisani kikamtoka mguuni. Pikipiki ikakohoa mara moja, kikohozi kikavu, ikanyamaza.

"Imeitika," alisema.

"Imekukemea," alijibu mkewe, Susana. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, gauni la kitenge limenyooshwa, kapu la ndizi liko miguuni.

Siku hiyo mjukuu wao Jackline alikuwa anapata kipaimara Kisongo, ng'ambo kabisa ya mji. Kutoka Akheri, huku migombani chini ya Meru, unashuka mpaka Tengeru, halafu unalikata jiji zima la Arusha. Gari lilikuwepo. Lilikuwa limesimama palepale uani, jeupe, limeoshwa: gari la mkwe wao Reginald, aliyetumwa na mkewe Vaileth kuja kuwachukua wazee. Shida ni kwamba Anaeli alikuwa ameapa, mbele ya mkutano wa kijiji, kwamba hatapanda gari hilo mpaka siku anazikwa.

Na kiapo hicho hakikutoka hewani. Kiangazi kimoja shamba la maua la huko juu liliziba mfereji. Mfereji waliouchimba babu zake kwa majembe ya miti, ambao kila kaya ilikuwa na zamu yake ya maji na hakuna aliyehitaji kuandikishiana na mwenzake. Wenye shamba wakatia lango la chuma na kufuli, na migomba ya watu ikakauka imesimama. Ufunguo wa kufuli lile alishika nani? Reginald, msimamizi wa maji wa shamba, mkwe aliyekula kwenye nyumba hii. Wananchi walipiga kelele mpaka lango likang'olewa, Anaeli akiwa mbele, pikipiki hii hii nyekundu ikipanda na kushuka kuwaita watu. Leo wapo waliolia siku ile ambao wanapokea kalenda za shamba hilo na kuzitundika ukutani. Anaeli hakusahau jina hata moja, wala nani alikaa kimya, wala nani alikunywa soda ya nani.

"Baba, nikusaidie?" aliuliza Reginald. Alikuwa amevaa tai na shati jeupe la kung'aa.

"Nisaidie kwa kukaa mbali."

Susana alitazama juu. "Jua likigusa ule mparachichi, mimi napanda gari. Wewe baki na kiapo chako. Mtapikiana ugali."

Anaeli alijua mkewe hatanii. Akavua koti, akaanza upya, polepole, kama alivyojifunza mwenyewe bila fundi wa kumfundisha. Alinusa tangi. Petroli ilikuwa ya tangu kabla ya masika, inanuka rangi ya mlango. Akaimwaga, akatia mpya. Kiki. Kikohozi. Akafungua plagi, akaikuta nyeusi kama sufuria ya harusi. Akaisugua kwa msasa, akaigusisha kwenye chuma cha injini, akakanyaga kiki. Cheche ya buluu ikaruka.

"Moto upo," alisema Reginald kutoka kwenye gari lake.

"Mimi sina macho?"

Akafungua kabureta. Kitundu kilikuwa kimeziba; akakizibua kwa kijiti cha ufagio, akapuliza mpaka akatema petroli. Akafunga kila kitu, akafuta mikono, akapanda. Kiki ilikuwa nzito, inamrudisha mguu juu kana kwamba kuna mtu ndani ameegemea mlango. Ikakohoa. Ikanyamaza.

Jua lilikuwa limefika kwenye paa la banda la ng'ombe. Mparachichi ulikuwa hatua chache tu kutoka pale. Akilini Anaeli alimwona Jackline akipiga magoti mbele ya mchungaji, akigeuza shingo kumtafuta babu.

"Baba," Reginald alisema, sasa yuko karibu. "Tuisukume kwenye mteremko."

Anaeli alifikiri. Kiapo kilikataza kupanda gari. Kusukumwa hakikukutaja.

"Sukuma," alisema.

Wakaitoa mpaka njia inayoshuka katikati ya mibuni. Anaeli akakaa, akabana klachi, akatia gia ya pili. Reginald akainama nyuma, mikono kwenye keria, akasukuma mpaka tai ikamrukia begani. Walipoanza kwenda kasi Anaeli akaachia klachi. Tairi ikaburuza, injini ikaguna, ikaguna tena, kisha ukapasuka mshindo uliowarusha kuku wote kutoka chini ya mibuni.

Halafu ikanguruma. Sauti ile ile ya zamani.

Anaeli akaigeuza, akarudi anacheka, akamkuta mkwewe amesimama njiani. Shati jeupe lilikuwa na masizi kuanzia kifuani mpaka kidevuni. Mkononi ameshika bonge la jani kavu la mgomba, limesokotwa likakazwa, nusu limeungua.

"Baba," alisema Reginald, "nani anatunza pombe ya mbege kwenye bomba la ekzosi?"

Tabasamu likamfutika Anaeli usoni. "Hujuma hiyo. Nawajua. Hawajanisamehe lango lao, na nitawataja mmoja mmoja..."

"Lete," alisema Susana. Alikigeuza kile kizibo, akakitazama jinsi anavyotazama vizibo vya vibuyu sokoni. "Kimesokotwa kwa kushoto. Baba Vaileth, hapa kijijini nani anasokota kizibo kwa mkono wa kushoto?"

Anaeli alitazama mkono wake wa kushoto, ulioshika klachi. Ikamjia taratibu: mawingu ya masika yamekaa juu ya mlima, nyigu wanatafuta pa kujenga, na yeye amechuma jani akaziba ekzosi kama Mmeru yeyote anavyoziba chombo chenye mdomo.

Injini ikanguruma kwa niaba yake.

"Majina bado unayataja?" Susana aliuliza.

"Mletee huyu shati langu la Pasaka," alisema Anaeli. "Hawezi kuingia kanisani hivyo."

Reginald akalivaa. Mikono ya shati ilimwishia juu ya saa.

"Mambo ya mfereji hayajaisha," Anaeli alimwambia.

"Najua, baba."

"Ufunguo ule uliushika."

"Niliushika."

"Basi. Nifuate nyuma na gari lako. Ikizima, usukume."

Susana akafunga kofia ngumu juu ya kilemba, akapanda nyuma ya mumewe, akamshika kiuno. Kapu halikuwa na mahali pa kukaa. Anaeli alilitazama, akalitazama gari.

"Kiapo hakikutaja ndizi," alisema.

Wakashuka kuelekea Tengeru, pikipiki nyekundu mbele, gari jeupe nyuma likienda kwa mwendo wa pikipiki, na kwenye kiti cha mbele kapu la ndizi limefungiwa mkanda.