Mtoto Hasikii

...na mimi naitikia tu kwa kichwa, ndiyo mwalimu, kweli mwalimu, magoti yamenifika kidevuni kwa sababu kiti hiki ni cha mtoto wa darasa la pili, tena mguu mmoja umelegea, wangeniletea karakana ningeupiga gundi na msumari ukatulia, fundi makochi hawezi kukalia kitu bila kukikagua, lakini leo sikuitiwa viti, nimeitiwa mwanangu, naye amekaa hapa ubavuni mwangu mikono mapajani, kimya kama kamwagiwa maji, yeye ambaye nyumbani tunamwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyojua kufungwa, na mwalimu anasema, "Mzazi, sitakuficha, mtoto wako hasikii," nami nasema pole mwalimu, tutamkanya, hata mama yake analalamika hivyohivyo, mama yake anayetoka alfajiri kwenda kuoka mikate kiwandani, ndiyo maana mambo ya shule yakawa yangu, mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemsuka kwa vidole hivi vilivyozoea kuvuta ngozi za makochi, mafundi wenzangu wakanicheka mpaka wakachoka, na jioni nakaa naye mezani tunajumlisha na kutoa, hakosei, basi huu ukaidi kautoa wapi... "Ukimwita hageuki," mwalimu anasema, "ukimtuma chaki anakuletea kifutio, wenzake wakicheka naye anacheka, lakini wao wameshamaliza, asiyesikia la mkuu, mzazi, huvunjika guu," anatabasamu kidogo, si mtu mbaya, amechoka tu, darasa zima liko shingoni mwake, na Chiriku naye anatabasamu, amechelewa kidogo... "Akinakili ubaoni hakosi hata nukta, lakini imla, mzazi, imla ananifanyia mzaha, nikisema pipi anaandika bibi, nikisema bibi anaandika mimi, darasa linavunjika mbavu," na mimi nacheka, kweli nacheka, kwa sababu pipi na bibi nazijua, nilikuwa mdogo kuliko Chiriku nikamwambia mama nataka pipi, mama akaniogesha, akanivika shati la kutokea, akanishika mkono mpaka kwa bibi, njia nzima nalia sielewi, bibi akafungua mlango akauliza huyu vipi, mama akasema, si amekulilia wewe, mama yangu ambaye... mama yangu aliyekuwa kiziwi, aliyesoma midomo yetu kama mtu asomavyo gazeti, na kwenye midomo pipi ni bibi na bibi ni mimi, midomo inafumba inafumbuka, inafumba inafumbuka, hakuna tofauti... kicheko nimekikata. Hapana. Ni nta. Watoto hujaa nta masikioni, ni kelele za karakana, Jumamosi namchukua anashinda karibu na mashine ya kushonea, ni mafua yale ya mwezi uliopita, ni kitu cha kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu kikaisha, mbona nyumbani ananisikia, nikiongea anakuja mbio, ananipandia mapajani, ananishika mashavu kwa viganja viwili na kunigeuza uso, baba sema tena, nami nikawatambia mafundi, mwanangu ananipenda huyo, hataki hata niangalie pembeni nikiongea naye... ee Mungu wangu, hataki niangalie pembeni. "Nyie! Tokeni kwenye maua!" mwalimu amegeukia dirishani anawafokea watoto wa nje, kisha anaendelea kuzungumza hukohuko, kisogo ametupa, kitu fulani kuhusu kurudia darasa, na Chiriku bado ametabasamu lakini macho yamepoteza pa kushika, yanatangatanga kwenye kisogo cha mwalimu kama mtu aliyezimiwa taa, nami napandisha kiganja, najifanya nafuta ndevu, nyuma ya kiganja nasema, Chiriku, twende nyumbani. Si kwa kunong'ona, kwa sauti ile tunayoongea mezani. Hageuki. Chiriku, mama, twende nyumbani. Mtoto yupi wa shule asigeuke kwa neno hilo, na aliyegeuka ni mwalimu, "Umesema, mzazi?" namjibu nakohoa tu, mwalimu, endelea. Naye anaendelea, na Chiriku akiona midomo imerudi uso unamrudia, anaitikia kwa kichwa, mtoto mwenye adabu, wanasema hasikii na hakuna anayemsikiliza mwalimu huyu kwa bidii kama yeye, amekaza macho mpaka mshipa umemsimama kwenye paji la uso, hivi ndivyo anavyokaa kutwa nzima, ndiyo maana jioni analala na kijiko mdomoni, nasi tunasema amecheza sana... Dada yangu alianza hivihivi, shangazi yake huyu, alianza kwa kuitwa mkaidi, akachapwa, alipofika umri wa kuolewa alisikia mlango ukibamizwa tu, na mimi ndiye niliyempeleka hospitali, daktari akatuambia taratibu, mishipa ya kusikia inanyauka, ni ya ukoo, inamruka huyu inamshika yule, wakampa vile vifaa vya sikioni, vikamfaa miaka michache, halafu vikawa vinamletea kelele kama bati linakokotwa, akavifungia kabatini. Nikauliza dawa. Daktari akatikisa kichwa, sikio la kufa, nikamalizia mwenyewe. Mimi iliniruka, nikashukuru, nikadhani imepita, kumbe ilikuwa inamtafuta wa kukaa naye... Nimwambie mwalimu? Nikimwambia atasema pole, atamhamishia dawati la mbele, na mwaka huu atasikia nusu, mwaka ujao robo, mama yake atatoka kiwandani na unga nywelani aniulize shule wamesemaje, nami nitamjibu nini, hesabu nitamfundisha, nywele nitasuka, viatu nitabandika soli, nimekuwa baba wa kila kitu na hili haliko kwenye kila kitu... "Sasa mzazi," mwalimu ameegemea meza, "mimi nimesema nimechoka, mwambie wewe, hapahapa mbele yangu, labda neno la baba atalisikia," na Chiriku amegeuka, ameinua uso, macho yametua mdomoni kwangu, hapohapo hasa, si machoni, na mimi nilikulia nyumba isiyo na maneno mengi, baba alikuwa akipiga meza na kuonyesha kwa kidole, sikuimbiwa, sijui kuimba, sijawahi kumsimulia mtoto huyu hata hadithi moja ndefu, nikidhani muda upo, atakua, tutaongea, na sasa kila nitakalosema linaingia mlango unaofungwa, lipi liwahi, jina langu, jina lake la kweli ambalo tumelisahau kwa kumwita Chiriku, au nimwambie tu asiogope, naye atajiuliza asiogope nini... "Mwambie basi, baba," anasema mwalimu, na mtoto anangoja, nami nimefungua mdomo, na sijui nianze na lipi.