Asilimia Tano ya Kitanda cha Chini

Mercyline, karani wa hesabu, aliliona lile kosa Jumanne asubuhi, akatamani asingeliona.

Ofisi yao ya mtaa wa Oud Metha ilinunua huduma kwa kampuni moja ya India, ambayo watu wake hukaa mbele ya skrini kuangalia kamera za majengo ya Dubai. Kwa kuwa muuzaji yuko ng'ambo, ofisi ilijitoza yenyewe ushuru wa asilimia tano badala yake, kisha ikajirudishia papo hapo, maana huduma ilikuwa ya kuuzwa tena. Hapo hapakuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa mbele: mnunuzi wao, Musallam, mwenye majengo mtaa wa Satwa, alikuwa akiuziwa bila ushuru wowote. Miaka miwili mizima.

Sababu aliijua. Pango la nyumba ya kuishi halitozwi ushuru, na bosi wake, Mzee Yaqoub, alichukulia kwamba basi na mwenye nyumba naye hatozwi chochote.

Alijua na jambo la pili. Musallam akitozwa ile asilimia tano hana pa kuidai, kwa kuwa pango lake halina ushuru, basi ataisukuma kwa wapangaji. Na katika mojawapo ya majengo yake, Mercyline alikuwa amepanga kitanda cha juu. Cha chini kilikuwa cha Terry, msichana mlinzi wa duka, ambaye mshahara wake ulikuwa umechelewa mwezi wa pili sasa. Terry alishasema: pango likipanda hata kidogo, yeye anahama.

Siku mbili Mercyline alikaa nalo moyoni. Alhamisi, siku ya kuwasilisha hesabu za ushuru, akagonga mlango wa bosi, akamweleza habari ya Musallam.

"Mwanangu, si kasamehewa yule?" Yaqoub alisema.

"Lililosamehewa ni pango analopokea, Mzee. Sisi tunamuuzia huduma ya kawaida. Tulipaswa kumtoza."

"Na miaka miwili yote hiyo ulikuwa wapi?"

"Nina miezi minne hapa, Mzee."

Yaqoub alicheka bila kupenda. Kisha akauliza, taratibu, "Na tukinyamaza?"

Mercyline alitazama vidole vyake. Njia ya kunyamaza ilikuwa wazi kabisa, angeweza kuipita.

"Watu wa ushuru wakija kukagua watatudai sisi. Na faini juu."

"Khalas, yameisha. Mwandikie Musallam ankara, ya nyuma na ya sasa. Mkataba unasema ushuru juu yake."

Ankara aliiandika yeye mwenyewe, kwa vidole vile vile.

Baada ya wiki tatu, tangazo lilibandikwa kando ya lifti ya jengo lao. Siku hiyo Mercyline alirudi na kopo la halwa, zawadi ya Mzee Yaqoub: "Umetuokoa, mwanangu." Alimkuta Terry ameketi kitandani na sare yake.

"Umeona? Wameongeza dirhamu sitini kila kitanda! Eti gharama za kamera. Kwani zinaangalia nini, slipa zetu hapo nje?" Terry alicheka, kisha akakunja uso. "Nani huyo ameenda kumwamsha huyu arbab mwenye nyumba?"

Sitini. Kichwani Mercyline alishapiga hesabu: ushuru wenyewe haukufika ishirini kwa kitanda. Zilizobaki Musallam alijiongezea tu.

"Ni mimi," alisema, kisha akaeleza yote, sauti ikififia kila neno.

Terry alivua kofia ya sare, akaiweka pajani.

"Ningenyamaza, Terry, ningekuwa nimeiba," Mercyline alisema.

"Nani amekwambia unyamaze? Hata mimi ningesema, kazi ni kazi. Lakini wiki tatu, Mercy? Unalala hapo juu yangu, unanisikia nikipigia watu simu kuomba pesa, na hata 'Terry, jipange' imekushinda?"

Mercyline alikuwa ameogopa, basi. Aliogopa uso huu huu aliokuwa akiutazama sasa.

Ijumaa Terry alihamia Ras Al Khor, chumba cha watu wanane juu ya gereji, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kazini kwake. Alikunja shuka zake vizuri, akafagia chini ya kitanda. Kopo la halwa alilopewa na Mercyline aliliacha juu ya godoro, halijafunguliwa.

Jumatatu alikuja msichana mwingine kuchukua kitanda cha chini. Aliuliza bei, akalipa, akauliza kama wifi ipo.