Honi ya Nguzo ya Tatu

"Hivi shoga, hiyo treni inakupigia honi wewe?" jirani aliniuliza siku moja, mikono imemjaa povu la kufulia. "Maana ikilia tu, unaacha kila kitu kama umeitwa na mkwe."

Nilicheka. Nikamwambia hainipigii mimi, inamsalimia mume wangu.

Mto wetu ni mpana, mtu aliye ng'ambo unamwona kama sisimizi. Zamani watu walivuka kwa pantoni, na maji yakifura walilala ukingoni hata wiki. Ndipo likajengwa daraja la reli. Baba yangu alibeba kokoto za nguzo zake. Mume wangu akaja kukaza bolti zake na kubadilisha mataruma, zile mbao za chini ya reli, yaliyooza. Daraja lenyewe jembamba, njia moja tu. Penye kila nguzo pana kijukwaa pembeni. Fundi akisikia treni hukimbilia hapo, ikishapita anarudi kazini.

Mwaka wa mafuriko mume wangu alianguka karibu na nguzo ya tatu. "Kaka ameteleza, shemeji," aliniambia mdogo wake, dereva wa treni, huku akilia kama mtoto. Mto haukumrudisha. Sina kaburi la kupalilia. Lakini baada ya muda treni zikaanza kupiga honi pale pale, na shemeji akaniambia, "Tunamsalimia kaka." Basi honi ikawa ndiyo kaburi. Ikilia, natua ndoo, namwombea kwa Mungu.

Watoto sikujaliwa. Anayebisha hodi kwangu ni shemeji tu, kila Jumapili, na sukari yake na utani wake.

"Shemeji, bado hujapata mchumba?" huniuliza.

"Nimtoe wapi? Wazee wa hapa meno yote waliyaacha kwenye pantoni."

Sasa limefunguliwa daraja jipya, huko chini mto unakoelekea, na la zamani linavunjwa. Kimya. Natua ndoo bila kuitwa. Juzi fundi mmoja wa kubomoa alikuja kuomba maji ya kunywa, akaniachia kibao cha bati nizibie banda la kuku. Nikakisoma: PIGA HONI.

"Hiki kilikuwa wapi, mwanangu?"

"Nguzo ya tatu, mama. Dereva akikiona, lazima apige. Wanasema zamani treni ilimkuta fundi hapo bila kupiga honi. Hakuwahi kijukwaa."

Alipoondoka nilikiosha kile kibao, nikakiegemeza ukutani. Kuku nikawazibia gunia.

Jumapili shemeji akaingia, akaweka sukari mezani, akakiona. Akavua kofia, akakaa akikipa mgongo.

Nikammiminia chai. Nilijua nikilimeza swali langu, Jumapili ijayo atakuja, na ile nyingine pia. Nilimwomba Mungu anifunge mdomo. Hakunifunga.

"Shemeji, siku ile, treni alikuwa anaiendesha nani?"

Alikizungusha kikombe kwenye kisahani, hakunywa.

"Shemeji…" akaanza, akaishia hapo.

Chai ikashika utando. Mwisho akachukua kofia yake, akainama mlangoni, maana ni mrefu kama kaka yake, akatoka.