Skrubu Nne za Kikinga

Shemeji yake alipomsukumia fomu ya fidia na kalamu, msimamizi wa karakana alijua hana pa kutokea. Mkono wa kulia wa shemeji huyo ulikuwa na bandeji mpaka kwenye kiwiko, na ndani yake vimebaki vidole viwili. Nani mwingine angemwandikia?

"Usinikodolee macho kama maiti," shemeji alisema. "Andika. Hati yako mbaya, lakini yangu ya mkono wa kushoto ni ya kuku."

Mkewe, ambaye ni mdogo wake msimamizi wa tumbo moja, alicheka kidogo, akaendelea kukunja nguo.

"Wanauliza ajali ilitokeaje," msimamizi alisoma.

"Andika nilizubaa. Mkaguzi wa ajali kasema msumeno ulikuwa na kikinga chake cha kuzuia mikono, kwa hiyo mkono niliupenyeza mwenyewe. Mimi nilizimia, sikumbuki kitu. Labda watanihurumia."

Wasingemhurumia. Tajiri mwenye karakana alishasema wazi: aliyeumia kwa uzembe wake halipwi.

Na uzembe haukuwa wake. Asubuhi ile zililetwa mbao nene zisizopita chini ya kikinga. Msimamizi alikifungua mwenyewe kwa bisibisi, kama alivyozoea kazi ikibana, akapasua tatu, simu ikaita, akatoka nje. Shemeji akashika nafasi yake. Watu walipomkimbiza majeruhi getini, msimamizi alibaki nyuma akakirudisha kikinga, skrubu nne, akazikaza zote, damu bado inachuruzika mezani. Hakutumwa na mtu. Mikono ilitangulia, akili ikafuata, nayo ilipofika ikanyamaza wiki tatu.

"Kaka, mbona jasho linakutoka?"

"Kalamu haitaki."

"Itemee mate," shemeji akasema.

Akaandika. Akajaza mistari yote, akageuza karatasi nyuma.

"Kuzubaa gani huko kurefu? Unaandika wasia? Hebu soma."

Akasoma. Alipofika kwenye skrubu, alizitaja zote nne. Mdogo wake aliacha kukunja nguo, shati la mumewe likiwa mikononi.

"Siku ile hospitali," alisema taratibu, "ulinishika bega ukaniambia, mwambie mumeo awe mwangalifu."

"Nilisema."

"Mbele ya wanangu."

Kazi msimamizi ataipoteza, hilo alishalimeza. Macho ya mdogo wake ndiyo yaliyomshinda.

Shemeji aliivuta fomu kwa mkono wa kushoto, akaipitia mwenyewe, akairudisha. "Weka jina lako hapo chini. Lote."

Akaweka.

"Kesho saa mbili uje hapa, twende ukamsomee mkaguzi kwa mdomo wako. Sikubembelezi."

"Nitakuja, shemeji."

"Shemeji baadaye," akajibu. "Kwanza uje."

Mdogo wake alimfungulia mlango. Hakumsindikiza.