Mji wa Simsim

Simsim ni mbwa mdogo; ukimweka kwenye karai la kufulia nafasi inabaki. Mama yake alikuwa mbwa wa kawaida wa hapa Makongeni, wa kushinda nje ya bucha. Baba yake, Vivian anasema, ni wa manyoya marefu, wa watu wenye bustani. Vivian ni mjukuu wangu. Alipoenda Eldoret kusomea uuguzi aliniachia Simsim wiki mbili tu. Miezi saba sasa.

Kwetu Bungoma mbwa hulala nje. Nikajiambia huyu naye atalala mlangoni. Siku ya tatu, nikisikiliza redio, akapanda mapajani, akajizungusha mara mbili, akalala. Tangu hapo namchana kwa kitana changu mwenyewe, namwosha Jumamosi kwa maji ya vuguvugu, na supu yake naipika bila kitunguu, maana Vivian alisema kitunguu kinamdhuru. Hata marehemu mume wangu hakuwahi kupikiwa sufuria ya peke yake.

Kisha karatasi ikabandikwa langoni: ni marufuku kufuga mnyama kwenye ploti hii ya nyumba za kupanga. Jumatano keateka, msimamizi wa nyumba zetu, angepita nyumba kwa nyumba, na mnyama atakayepatikana atolewe siku hiyo hiyo. Nilikosa hamu ya kula. Nikaitazama redio, nikajiuliza nitakuwa naisikiliza na nani.

Keateka wetu ni Ndete, Mkamba mtaratibu. Sisi wawili tukikutana kwa bomba la maji lazima tutegeane vitendawili, na anayeshindwa hutoa mji. Amenipa Machakos, Mombasa, na Kisumu mara mbili. Mimi nimempa Webuye tu, na iliniuma.

Jumatano nilipanga kumfungia Simsim chumbani. Lakini nilikuwa nimefua vitambaa vya makochi, vile vyeupe vya kufuma, nikavirundika kwenye kochi ili nivitandaze kabla mtu hajaingia. Nikaenda kuipua chai. Kurudi, Simsim haonekani. Nikachungulia chini ya kitanda. Hayuko.

"Hodi, Mama Kweyu!"

Ndete huyo, kalamu sikioni, daftari kwapani.

"Karibu, Bwana Ndete. Keti unywe chai kwanza."

Akaketi, akaegemeza kiwiko kwenye vitambaa. Vitambaa vikapumua.

"Mama Kweyu," akasema polepole, "hivi umevipiga pasi sasa hivi?"

"Kwa nini?"

"Vina joto."

"Ni jua, Ndete. Vimetoka kwa kamba."

Pua nyeusi ikatokeza, ikanusa kiwiko. Halafu Simsim akatoka mzima, kitambaa kichwani kama bibi harusi, akapanda mapajani mwa Ndete, akajizungusha mara mbili, akalala.

Ndete akatazama daftari. Akanitazama mimi. Nikasema ninalolijua.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Nina mgeni wa miguu minne, akifurahi anafagia hewa."

Mtoto wa nasari angejibu. Mkia wa Simsim ulikuwa unampiga gotini, pap, pap. Ndete akaangalia dari. Akakuna kidevu.

"Ni meza?"

"Meza inafurahi lini?"

"Basi ni kiti."

"Wewe Ndete, wewe!"

"Nimeshindwa kabisa, Mama Kweyu. Hicho ni kigumu. Nikupe mji. Chukua Nakuru."

"Sitaki Nakuru. Nipe hii nyumba yangu, namba kumi na mbili, na wote waliomo."

"Lo! Huo mji ni mkubwa." Akafungua daftari, akaandika huku akinisomea: "Namba kumi na mbili. Nyanya mmoja, vitambaa vingi." Akalifunga. "Lakini Jumapili mwenye ploti akija, vitambaa vyako visibweke."

"Vitakuwa kanisani na mimi."

Alikuwa na nyumba nyingine tisa za kukagua. Ikabidi nimwongeze kikombe cha pili, kisha cha tatu, kwa sababu alikataa kusimama. Alisema si vizuri kumwamsha mtu.